Blauzi ya Matundu

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Watu wamepumzika, mimi nimeosha landkruza saba za watalii. Hiyo ndiyo sikukuu yangu. Tope la kreta halitoki kwa kumwagiwa maji tu, linataka mkono. Mkono wangu. Madereva wa hapa Karatu wananigombania, sisemi uongo, na kama nasema uongo ni daftari langu.

Nimerudi saa tisa. Ukungu haujaondoka kutwa. Nimemnywesha Mama uji wa ulezi. Nusu umeingia, nusu umeishia kwenye kanga. Halafu nikavuta stuli mbele yake, nikachukua ile blauzi.

Blauzi ni ya dada Theresia. Anaolewa Mto wa Mbu, kule chini kwenye joto, na masweta yetu ya huku hayatamfaa. Mama akaanza kumfumia blauzi ya uzi wa pamba, nyeupe, ya kubana mwilini, yenye lesi ya matundumatundu kuanzia kiunoni mpaka kifuani. Aivae siku ya kuagwa, tarehe 2 Agosti. Nyuma akamaliza. Mbele akafika katikati. Wiki ya Pasaka akaanguka jikoni. Kiharusi. Mkono wa kulia umekufa, mguu unaburuta, mdomo hautoi neno.

Tangu hapo blauzi ilikaa kwenye mfuko wa rambo. Jana nimeitoa. Nimetangaza naimalizia mimi. Theresia kacheka mpaka kakaa chini.

Acheke. Nani alijifumia sweta la darasa la nne, kola na yote? Mimi. Nani, mvulana mzima, aliitwa Mama Joni mtaani kwa sababu hiyo? Mimi tena. Nilipigana mara sita. Nilishinda mara moja, lakini vizuri.

Jumatano, 9 Julai

Mjomba kaja kutoka Endabash. Hakutuma ujumbe, kaja tu. Kamsalimia Mama kwa lugha ya kwetu, "Saita", akasubiri, Mama akamwangalia tu. Mjomba akatikisa kichwa kama mtu anayetazama jembe lililovunjika.

Kisha kaongea na mimi na Theresia palepale, mbele ya Mama. Kasema akili ya dada yake imekwenda. Kasema Mama alirusha kikombe siku ya Pentekoste na alilia kanisani bila sababu. Kasema Jumamosi ya tarehe 19 anakuja na pikapu kumchukua, akae kwake Endabash moja kwa moja. Nyumba tutafunga au tutaona.

Nikasema akili ipo. Kaniambia, "Joni, akili ipo wapi? Imekuonesha nini?"

Sikuwa na la kuonesha.

Halafu akauliza la pili. Theresia akishaolewa, nani atamwogesha? Wewe?

Hapo hata Theresia aliangalia chini. Mtoto wa kiume haogeshi mama yake. Hilo linajulikana, halijadiliwi. Saa hizi anaogesha Theresia. Akiwa zamu ya mchana kule lodge anakofua mashuka, Mama anasubiri mpaka usiku, na mimi nakaa nje mlangoni kama mlinzi wa benki. Nikajibu nitatafuta binti wa kazi. Mjomba kacheka.

Simpendi leo. Kesho sijui.

Nahitaji kitu cha kumwonesha.

Ijumaa, 11 Julai

Kazi inakwenda kama moto. Mistari minane kwa siku mbili! Ninafumia hata pale kwenye kuosha magari, nikisubiri gari. Masela wanasema, "Oya Mama Joni, nifumie soksi za kuku wangu." Nimewaambia soksi za kuku zipo, ila nianze na za baba zao, maana miguu ni ileile.

Nifafanue habari ya karatasi ninayoifuata. Mama alipewa na mgeni mmoja wa kizungu aliyelala pale lodge, wakakaa siku mbili barazani, mzungu akimwonesha kwa vidole. Maelekezo yote yako pale. Kiingereza, lakini cha kukatwakatwa, kama ujumbe wa mtu asiye na salio. Mama ameweka tiki ya penseli kila mstari aliomaliza. Tiki ya mwisho ni ya mstari wa 38. Mimi nikaendelea na 39.

Kidato cha pili niliacha mimi, shule haikuniacha. Tuliachana kwa amani. Lakini Kiingereza nilibaki nacho. Palipoandikwa k2tog nilimuuliza dereva mmoja, kasema tog ni pamoja. Basi, fuma vitanzi viwili pamoja. Rahisi. Na kila baada ya hapo wameandika yo. Hiyo sikuuliza mtu. Yo nani asiyeijua? Nusu ya machalii wa Arusha wakishika kipaza sauti neno la kwanza ni yo. Mzungu anasalimia mfumaji. Anampa moyo. Fuma mbili pamoja, yo! Fuma mbili pamoja, yo! Nimempenda huyo mzungu. Mara nyingine namjibu.

Kitu kimoja. Vitanzi vinapungua. Mama aliacha 84. Sasa ninavyo 60. Lakini blauzi ni ya kubana, si ndiyo? Inabana. Theresia apunguze chapati.

Matundu nayo sijayaona bado kwa upande wangu. Yatajitokeza tukiifua na kuinyoosha.

Jumapili, 13 Julai

Leo Mama kanipiga.

Tumetoka kanisani, nimekaa mbele yake nafuma, namwonesha. "Ona mkono wa mwanao." Akanyoosha mkono wa kushoto, nikadhani anataka kushika. Akapiga sindano ikaruka mpaka chini ya kabati. Nikaiokota. Akapiga tena. Sauti inatoka kooni, ya kukwaruza, ile inayomtisha Theresia. Macho yamejaa hasira. Kwangu! Mimi ninayemlisha!

Jirani yetu Mama Agnes alikuwa ameleta maziwa. Kaona yote. Kaondoka bila kusubiri chupa yake. Mpaka kesho mjomba atakuwa ameshajua, Endabash yote itakuwa imejua.

Labda hataki mtoto wa kiume afume blauzi ya bibi harusi. Labda ana wivu na mikono yangu. Labda mjomba anasema kweli.

Nimeandika. Sifuti.

Jumatatu, 14 Julai

Magari kumi na moja. Mikono imepasuka kwa baridi. Vitanzi 48.

Mama hataki uji nikimpa mimi. Anapokea kwa Theresia.

Jumatano, 16 Julai

Sijui niandike nini. Naandika.

Asubuhi niliacha blauzi kitandani kwa Mama. Kosa langu. Nimerudi saa tisa. Mama kakaa kwenye kiti chake, mapajani ana rundo la uzi mweupe uliojikunjakunja kama nywele za mzee. Kaifumua. Kazi yangu yote. Siku kumi. Yote!

Nilimfokea. Niliandike neno lenyewe ili nilione. Nilimwambia, "Umekuwa mtoto mdogo! Bora uende huko Endabash!" Nilisema kwa sauti. Mama Agnes lazima kasikia.

Mama aligeuza uso, akaangalia ukuta. Hakulia. Ningependa angelia.

Theresia karudi jioni, kaona, kakaa kitandani na koti lake la kazi. Kasema taratibu, "Joni, labda mjomba ana haki." Hakuna aliyepika. Tumelala na chai.

Zimebaki siku tatu pikapu ije. Nilitaka kitu cha kumwonesha mjomba. Sasa kipo, rundo la uzi.

Mimi ni mjinga na mdomo wangu ni mrefu.

Alhamisi, 17 Julai

Sikwenda kazini.

Asubuhi nilichukua mfuko wa rambo nitie ile takataka. Nikashika ile sehemu iliyobaki, ile ya Mama. Nilitegemea vitanzi vimeachia, vinakimbia chini kama kawaida ukifumua ovyo. Havikukimbia. Sindano ilikuwa imepita ndani yake. Vyote. Nikahesabu. 84. Nikahesabu tena, nikaenda mlangoni kwenye mwanga, nikahesabu mara ya tatu kwa kugusa. 84.

Nikahesabu mistari kutoka chini. 38.

Nikachukua karatasi. Tiki ya mwisho ya penseli, 38.

Nilikaa chini. Sakafu ilikuwa ya baridi, sikujali.

Anayejua kufuma anajua hili. Ukitaka kufumua mpaka mstari fulani bila kuharibu, unapitisha kwanza sindano kwenye mstari huo, kitanzi kwa kitanzi, ndipo unavuta uzi wa juu. Ni kazi ya mikono miwili na macho mazuri. Mwenyewe huwa naogopa kuifanya. Mama kaifanya kwa mkono mmoja, wa kushoto, ambao hata kijiko haukuzoea. Sindano ya plastiki ina alama za meno mpaka karibu na ncha. Aliishika kwa meno.

Masaa mangapi? Nilitoka saa moja, nikarudi saa tisa.

Hakuharibu kitanzi hata kimoja cha kwake. Alitoa vya kwangu tu.

Nilikwenda mbele ya kiti chake nikapiga magoti. Sijui kuomba msamaha, sijazoea, huwa natania mpaka mtu asahau. Leo sikutania. Nimemwambia nilikosea kusema. Akaniangalia muda mrefu. Halafu akagusa karatasi kwa kidole.

Ijumaa, 18 Julai

Sasa cheka, we daftari.

Nimekaa na Mama na karatasi. Naweka kidole kwenye neno, yeye ananionesha. K2tog, anatikisa kichwa kukubali, hilo nilipata. Nikaweka kidole kwenye yo. Nikasema, "Hii salamu."

Akafumba macho. Nadhani alikuwa anamwomba Mungu subira.

Kisha akachukua uzi kwa mkono wake wa kushoto, akauzungusha juu ya sindano. Mara moja. Akaniangalia. Akauzungusha tena.

Si salamu. Ni kuzungusha uzi juu ya sindano. Unapunguza kitanzi kimoja kwa kufuma viwili pamoja, halafu unaongeza kimoja kwa kuzungusha uzi. Ndiyo maana vya Mama vilibaki 84 siku zote. Na pale uzi ulipozungushwa ndipo panapobaki tundu. Tundu ndiyo lesi! Mimi nilikuwa nasalimiwa na lesi kila mstari, nikaitikia, nikapita.

Nilianza kucheka, sikuweza kuacha. Nikamweleza jinsi nilivyokuwa namjibu mzungu. Mama akaanza kutikisika. Nikaogopa, nikadhani ugonjwa umerudi. Alikuwa anacheka. Nusu ya uso tu. Machozi upande mmoja.

Nimefuma mstari wa 39 na wa 40 mbele yake. Matundu sita yamekaa kama nyota. Naonesha, anakubali kwa kichwa.

Kesho mjomba aje tu. Nina kitu cha kumwonesha. Nimemwambia na Theresia, kamkumbatia Mama pale kwenye kiti, wamekaa hivyo mpaka sufuria ikaungua.

Jumamosi, 19 Julai

Wamekuja saa nne. Mjomba, na mke wake Mama Petro, na pikapu, na godoro nyuma.

Niliongea kama wakili. Nikaonesha sindano, meno, tiki, 84, 38. Mjomba kasikiliza na kofia mkononi. Kasema, "Kufumua? Hata mbuzi akiingia humu anafumua."

Nikataka kujibu jambo baya. Mama Petro akaniwahi. Yeye anafuma vitambaa vya makochi, nilikuwa nimesahau. Kachukua kazi, kaenda nayo dirishani. Kakaa kule muda. Nikaona midomo yake inahesabu.

"Baba Petro, hebu nyamaza," kasema. "Mimi na mikono yangu miwili siwezi hii."

Mjomba akavuta stuli akakaa. Uso ulibadilika. Nadhani alikuwa anakumbuka yote aliyoyasema mbele ya dada yake tangu Pasaka, akidhani hayupo.

Mama Petro akapiga magoti, akaweka kidole chake kwenye mkono wa kushoto wa Mama. "Wifi. Nisamehe. Miezi mitatu tunaongea juu ya kichwa chako kama wewe ni meza. Leo nakuuliza wewe mwenyewe. Kama ni ndiyo, minya."

Mimi nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Nilikuwa nimeshashinda.

Kamuuliza, unataka kubaki hapa na Joni? Tukasubiri. Kuku alipita mlangoni, akatazama, akatoka. Mkono haukusogea.

Kamuuliza, unataka kuja Endabash, nikutunze mimi?

Niliona vidole vikifunga.

Nikasema hajasikia. Nikasema uliza vizuri. Nikamsogeza Mama Petro, nikaweka kidole changu mwenyewe. "Mama. Ubaki na mimi? Nitajifunza kupika vizuri. Nitatafuta binti wa kazi." Mkono umelala kama kitambaa. "Au uende?" Akaminya. Kaminya mpaka kucha zikaniuma, na ananiangalia usoni muda wote, akili yake yote iko machoni, mimi ndiye niliyewathibitishia kuwa ipo.

Theresia alilia. Mjomba alitoka nje akajifanya anakagua tairi.

Nilimbeba Mama mwenyewe mpaka kwenye pikapu. Ni mwepesi sana. Mama Petro akakaa nyuma naye kwenye godoro, akamfunika shuka la kimasai mpaka kidevuni. Mjomba kanishika bega. "Joni, ulisema kweli kuhusu akili." Nilitamani nisingesema.

Nina hasira na Mama. Naandika wazi. Nilimpigania na yeye kaenda. Kwa nini? Uji wangu mbaya? Nilimfokea ile Jumatano, ni hiyo?

Kiti chake kipo palepale. Nimekaa kwingine.

Jumatatu, 21 Julai

Magari tisa. Masela wameuliza blauzi imefika wapi. Nimewaambia waulize mama zao. Wakaona sura yangu, wakaacha.

Sijashika sindano.

Alhamisi, 24 Julai

Nimeshika. Theresia kaniwekea mfuko wa rambo juu ya mto wangu. Mistari kumi leo. Nimeanza kukata shingo ya blauzi. Nimekosea mara mbili na nimefumua mwenyewe, kwa kupitisha sindano kwanza. Nilitokwa jasho kwenye baridi hii. Na mimi nina mikono miwili na meno yote.

Jumapili, 27 Julai

Nimekwenda Endabash na bodaboda baada ya misa. Vumbi mpaka kwenye kope. Nilikuwa nimejiandaa kumuuliza Mama kwa nini. Njia nzima nilipanga maneno.

Nimemkuta nje, juani, kwenye mkeka, mgongo kwenye ukuta. Amesukwa nywele. Kanga safi, imefungwa vizuri, si kama nilivyokuwa namfunga mimi huku nimeangalia pembeni. Nilipoinama kumpa shikamoo akanishika shingo kwa ule mkono wa kushoto, akanivuta. Alinukia sabuni. Saa saba mchana, bila kusubiri usiku, na alinukia sabuni.

Sikuuliza.

Nimemwekea blauzi mapajani. Mbele imekwisha, bado kushona ubavuni na kwapa. Kaigeuza, kapitisha vidole kwenye matundu, moja moja, tangu ya kwake mpaka ya kwangu. Hakusimama mahali. Mama Petro kaleta makande na maziwa ya mgando. Mjomba alikuwa shambani, kaja baadaye, kamsalimia dada yake, kamweleza habari ya ng'ombe anayezaa, yote, polepole, akimwangalia yeye.

Saa kumi Mama akanisukuma goti. Niende, kabla giza halijaingia barabarani. Nikaenda.

Nimefika. Theresia kapika, tumekula. Ameijaribu blauzi nikiwa nimeishika kwa pini ubavuni. Inambana vizuri, anaweza kupumua. Kesho nashona.